Waya Uliokatika kwenye Mlango wa Gereji

Asubuhi moja ya baridi kali, katika kitongoji cha Minneapolis, Minnesota, mlango wa gereji ya magari mawili ulipanda upande wa kushoto ukagoma upande wa kulia. Waya wa kulia ulikuwa umekatika. Mota ilinguruma kidogo ikanyamaza, gari likabaki ndani. Mwenye nyumba, mzee wa Kikenya aliyehamia huko zamani, alimwita fundi, naye hata kabla ya kufungua mkoba aliuliza: "Mzee, ile kamba nyekundu umeivuta?" Hakuwa ameivuta, na hapo aliponea. Kamba hiyo huutenga mlango na mota, na mlango unaoning'inia kwa waya mmoja ukiachwa bila mota unaweza kushuka kwa kishindo papo hapo.

Mlango wenyewe ni wa futi 16 kwa 7, wa vipande vilivyoungwa kwa bawaba, vyenye rola zinazotembea ndani ya reli mbili. Muundo huu ni wa Mmarekani C. G. Johnson, aliyebuni mlango wa kupanda juu mwaka 1921 na mota yake ya umeme mwaka 1926. Watu hudhani mota ndiyo inayobeba mlango. Sivyo. Mota inausukuma tu. Mzigo wote uko kwenye springi zilizovishwa shafti juu ya mlango. Kila ncha ya shafti ina dramu, na kutoka kila dramu unashuka waya hadi kwenye bamba la kona ya chini. Springi inazungusha shafti, dramu zinakunja nyaya, mlango unapanda. Kila kipande kikishapita kona na kulala kwenye reli ya juu, uzito wake unabebwa na reli, na wakati huohuo springi nayo inalegea. Mzigo na nguvu vinapungua sambamba. Ndiyo maana mtoto anaweza kuinua kwa mkono mmoja mlango wa kilo 80, kama springi zimekazwa sawasawa.

Hatari nayo iko hapohapo. Springi huwa imekazwa kabisa mlango ukiwa umefungwa, yaani wakati unaonekana umetulia. Kwa mlango wa kilo 80, nguvu iliyofungiwa humo inatosha kumnyanyua mtu mzima kiasi cha mita moja kutoka ardhini. Bolti za lile bamba la chini zinashikilia nguvu hiyo yote, na anayezifungua kwa spana kabla ya kulegeza springi anacheza na vidole vyake, pengine na jicho.

Fundi alichomoa waya wa umeme wa mota, akaweka vipande vya mbao chini ya mlango, kisha yeye na msaidizi wake wakaushusha taratibu hadi sakafuni. Akabana reli kwa koleo ya kujifunga, juu ya rola, ili mlango usiweze kupanda. Ndipo akazigeukia springi. Alitumia vyuma viwili vya nusu inchi vilivyotengenezwa kwa kazi hiyo, kimoja kikishika wakati kingine kinahama, robo mzunguko kila mara, huku amesimama pembeni. Mlango wa kimo hiki huhitaji takriban robo 30 kwa kila springi, kwa hiyo kazi ilichukua muda na hakuna aliyezungumza. Kuna wanaotumia bisibisi badala ya vyuma hivyo. Bisibisi huteleza kwenye tundu, na ikiteleza inarudi na nguvu yote ya springi.

Waya wa zamani ulikuwa na jambo la kusema. Sehemu iliyozoea kukunjwa kwenye dramu ilikuwa bado inang'aa. Sentimita chache juu ya bamba la chini rangi iligeuka kuwa kahawia, nyuzi zimevimba kwa kutu, na hapo ndipo ulipokatikia. Waya wa namna hii, wenye unene wa milimita 3.2, husokotwa kwa nyuzi 133, na ukiwa mpya hustahimili kilo 900 hivi kabla ya kukatika. Hapa ulikuwa unabeba kilo 40. Uzito haukuukata waya huu. Majira ya baridi barabara za Minnesota humwagiwa chumvi ya kuyeyusha barafu. Gari huiingiza gerejini kwenye matairi, theluji inayeyuka, maji yanatuama kwenye kizingiti, na chumvi inakula zinki inayoufunika waya, halafu chuma.

Waya wa kushoto ulionekana mzima, na mzee alitaka ubaki. Fundi aliukunja kidogo kwa vidole pale chini, nyuzi kadhaa zikavunjika. Hakukuwa na mjadala tena. Zilibadilishwa zote mbili.

Kufunga nyaya mpya ni kazi ya kusawazisha. Kitanzi kinaingia kwenye pini ya bamba, waya unapita nyuma ya rola, kati yake na ukuta, kisha unapanda hadi kwenye dramu. Mzunguko mmoja wa dramu hukunja waya wa sentimita 32. Dramu moja ikipotea robo tu, upande wake utatofautiana na mwenzake kwa sentimita 8, na mlango utabana kwenye reli. Fundi alikaza upande wa kwanza, akashika shafti kwa koleo isirudi, akakaza wa pili, kisha akazipiga nyaya zote mbili kwa kidole. Zilitoa sauti moja. Baada ya kukaza springi upya aliinua mlango kwa mkono hadi kiunoni, akauachia, nao ukatulia palepale. Mwisho akalaza ubao kizingitini na kuwasha mota. Mlango ulipougusa ulirudi juu, kama sheria ya Marekani inavyotaka kwa mota za nyumbani zilizotengenezwa tangu 1993.

Kazi ilikuwa safi, ila kwa maoni yangu ilibaki nusu. Mpira wa chini ya mlango uliochakaa haukuguswa, na maji yataendelea kutuama palepale penye nyaya mpya. Mpira ni bei ndogo, na ulistahili kuingia kwenye hesabu ya siku ileile.

Wenye milango ya aina hii Nyali, Mombasa, au Masaki, Dar es Salaam, hawana theluji, lakini upepo wa bahari huleta chumvi yake mwaka mzima. Funga mlango, chukua tochi, tazama kila waya kuanzia sakafuni hadi kimo cha goti bila kuugusa. Ukiona kutu, au hata uzi mmoja umechomoza, usibonyeze tena kitufe. Mwite fundi mwenye vyuma vya springi, na mwambie aje na nyaya mbili.