Kilobaiti 400 kabla ya neno la kwanza

Ukifungua tovuti kwa simu pale Msimbati, karibu na Mto Ruvuma unapoingia baharini, skrini inaweza kubaki nyeupe hata kama maandishi yameshafika. Kivinjari kinayazuia kwa makusudi. Hakichori neno lolote mpaka kimalize kupakua faili la mitindo, lile ambalo mafundi huliita CSS, linalopanga rangi, herufi na nafasi. Picha ikichelewa, msomaji anaendelea kusoma. Faili la mitindo likichelewa, hana cha kusoma.

Facebook walieleza hadharani mwaka 2020 jinsi walivyokabiliana na tatizo hili walipoandika upya tovuti yao. Ukurasa wao wa mwanzo wa zamani ulikuwa unapakua zaidi ya kilobaiti 400 za CSS iliyokwisha kubanwa, ambayo kabla ya kubanwa ni megabaiti 2. Kati ya hizo, asilimia 10 tu ndizo zilizohitajika kuuchora ukurasa mara ya kwanza.

Tupige hesabu. Muunganisho mpya wa TCP, utaratibu unaosafirisha data mtandaoni, kwa kawaida huanza na pakiti 10, takribani kilobaiti 14, kisha husubiri jibu ndipo uongeze mara mbili: 14, 28, 56, 112, 224. Kilobaiti 400 ni safari tano za kwenda na kurudi. Seva ikiwa Ulaya, kila safari inapita kwenye kebo za baharini, na mnara wa simu ukiwa mbali pakiti hupotea, kasi ikashushwa katikati ya njia. Mei 2024, kebo za EASSy na Seacom zilipokatika upande wa Afrika Kusini, Tanzania nzima ilionja uchungu wa safari hizo.

Wahandisi wa Facebook hawakutafuta njia ya kubana zaidi. Waliona kuwa unene unatokana na marudio. Kila aliyetengeneza kitufe au menyu alijiandikia kanuni zake, hata kama mwenzake alishaandika zilezile, na za zamani hazikufutwa kwa sababu hakuna aliyejua ni ukurasa gani bado unazitegemea. Basi wakaiachia programu kazi ya kuzalisha faili: kila agizo, tuseme rangi fulani ya maandishi, linapewa darasa lake moja, yaani jina la kuliitia, na kuandikwa mara moja tu, hata likitumika mahali elfu. Kuanzia hapo faili halikui kwa kasi ya vipengele vipya, kwa sababu maagizo mengi tayari yamo. CSS ya ukurasa wa mwanzo ilipungua kwa asilimia 80. Kwa hesabu yetu, safari tano zinakuwa tatu.

Gharama ipo: HTML, yaani faili la ukurasa lenye maandishi yenyewe, inajaa majina ya madarasa na ni vigumu kuisoma kwa macho, ingawa majina yanayojirudia hubanwa vizuri. Mtambo wenyewe, StyleX, ulitolewa kwa umma Desemba 2023.

Chama cha ushirika kinachotaka wakulima wa Newala na Tandahimba waone bei ya mnada wa korosho hakihitaji kabisa mtambo kama huo. Mzigo wa tovuti ndogo kwa kawaida hutoka kwenye kiolezo kilichobebwa kizimakizima. Kwa mfano, faili kamili la mitindo la kiolezo cha Bootstrap toleo la 5 linazidi kilobaiti 200 kabla ya kubanwa, na linapakuliwa ili kupamba jedwali moja na vitufe viwili! Kanuni za ukurasa kama huo zinaenea kwenye kilobaiti chache, na zikiwekwa ndani ya HTML yenyewe zinafika na safari ya kwanza.

Kupunguza mzigo huo, mimi ningeanza na zana ya kivinjari cha Chrome inayoonyesha kwa rangi nyekundu kanuni ambazo hazijatumika. Lakini nyekundu hiyo isiaminiwe harakaharaka: kanuni ya menyu ambayo haijafunguliwa, au ya skrini nyembamba ya simu, nayo huhesabiwa kuwa haitumiki. Fungua kila menyu, jaza fomu vibaya ili ujumbe wa kosa utokee, punguza upana wa dirisha, ndipo ufute.