Tazama Chini ya Taya: Kupima Picha za Harusi za Ediofe

Ukitaka kujua kamera iliyopiga picha ya harusi ina thamani gani, usianze na gauni. Tazama chini ya taya la bi harusi, mikunjo ya suti nyeusi ya bwana harusi, na mahali nywele zinapokutana na paji la uso. Vivuli hivyo ndivyo vinavyotoa habari za kihisi, kile kipande ndani ya kamera kinachopokea mwanga.

Ndoa inapofungwa katika Kanisa Kuu la Moyo Mtakatifu, Ediofe, mjini Arua, Uganda, mpiga picha ana mtihani mgumu: ngozi nyeusi kando ya nguo nyeupe pepepe, ndani ya jengo, na jua la Arua likiwaka nje ya mlango. Akilinda weupe wa gauni usiungue, nyuso huzama gizani, na baadaye atalazimika kuzing'arisha kwenye kompyuta. Kihisi kikubwa hustahimili kazi hiyo. Hudhurungi ya shavu na ile ya shingo hubaki rangi mbili zilizo hai. Kihisi kidogo hutoa chembechembe za kijani na zambarau, na uso huonekana kama umepakwa majivu. Kwangu mimi, picha isiyoitendea haki ngozi ya bi harusi imeshindwa, hata kama shela limetoka vizuri kiasi gani.

Sababu yake ni hesabu. Kihisi kamili, chenye ukubwa wa fremu ya filamu ya zamani, kina milimita 36 kwa 24, yaani milimita za mraba 864. Vihisi vidogo kuliko hicho, viitwavyo APS-C, vya Nikon na Sony vina kama 367, vya Canon 330 hivi. Simu nyingi za bei nafuu hazifikishi hata 40. Tundu la lenzi na kasi ya shuta vikiwa sawa, kihisi kamili hupata mwanga zaidi ya mara mbili ya APS-C, na mwanga ukizidi mara nne, chembechembe hupungua kwa nusu. Megapikseli hazibadilishi hesabu hiyo, ingawa ndizo zinazotajwa kwanza dukani.

Hata hivyo, uliza na lenzi. Kamera ya APS-C yenye lenzi ya milimita 50 inayofunguka hadi f/1.8 itaishinda kamera ya kihisi kamili iliyofungwa lenzi ya f/5.6, maana lenzi ya kwanza hupitisha mwanga karibu mara kumi ya ile ya pili. Kijana aliyenunua lenzi nzuri kabla ya kamera kubwa amenishawishi kwamba anaijua kazi.

Ukitoka nje kwenda uani saa saba mchana, tofauti karibu yote inayeyuka. Picha ya ukoo mzima, wazee wameketi mbele na vijana wamesimama nyuma, haihitaji kihisi kikubwa. Tena kihisi kikubwa kina taabu yake hapo: tundu likiachwa wazi, safu ya nyuma hufifia, na likibanwa ili wote waonekane wazi, faida ya mwanga imekwenda.

Usitoe hukumu kwenye WhatsApp, ambako picha hupunguzwa hadi zote zikafanana. Omba picha iliyochapishwa kwa sentimita 30 kwa 45, tena ya ndani ya kanisa na isiyopigwa kwa flashi. Mpiga picha akikuonyesha za uani peke yake, sisitiza.

Kisha, katika picha za nje, tafuta doa lililokaa pembe ileile katika kila anga la buluu. Hilo ni vumbi juu ya kihisi, na kiangazi cha Januari huko Koboko, kaskazini mwa Arua, hakimwachi anayebadilisha lenzi barabarani. Kihisi kikubwa kina uso mpana zaidi wa kulipokea, kwa hiyo mwenye nacho hana budi kukisafisha kabla ya kila harusi.