Mpiga drams aliyejua kungoja

Kuna wimbo ambao ukipigwa redioni usiku, wanaoujua huacha kula. Vidole vinakaa ukingoni mwa meza, tayari, na watu wanangoja zaidi ya dakika tatu na nusu. Mara drams zinaporomoka, mapigo yakishuka mawili mawili, na mezani kila mmoja ni mpiga drams. Ni "In the Air Tonight" wa Phil Collins, wa mwaka 1981. Mimi huvutiwa zaidi na kule kungojeshwa.

Mtu huyu alipiga drams tangu ana miaka mitano. Sasa anatoa albamu yake ya kwanza peke yake, Face Value. Mwingine angejionyesha tangu sekunde ya kwanza. Yeye anaanza na kimashine cha Roland kinachogonga mdundo mkavu, kinanda kinatanda juu yake taratibu, naye anaimba kama anayejisemea. Maneno mengi yalimtoka papo hapo, akiwa nyumbani, ndoa yake ya kwanza ikiwa imevunjika.

Kungoja alikuzoea zamani. Mwaka 1970 alipokwenda kujaribiwa na bendi ya Genesis, nyumbani kwa wazazi wa mwimbaji wake Peter Gabriel, alifika mapema, akaambiwa aogelee kidogo. Akiwa majini aliwasikia wenzake wakihangaika na vipande vilevile. Zamu yake ilipofika, alikwisha kuvijua. Kisha miaka mitano akakaa nyuma, akipiga na kuitikia. Gabriel alipoondoka mwaka 1975, bendi ilijaribu waimbaji wengi, kumbe wa kwao yuko palepale nyuma ya matoazi. Hata alipohamia mbele hakukisahau kiti chake: drams alikuja kushika Chester Thompson, lakini vilipofika vipande visivyo na maneno, Collins alirudi nyuma na seti mbili zikajibizana.

Na ule mlio wenyewe wa drams zinapoporomoka? Ulipatikana studio ya Townhouse, London, Collins akipiga katika albamu ya tatu ya Gabriel, iliyotoka 1980. Studioni kulikuwa na kipaza sauti cha kuwawezesha wanamuziki kuongea na fundi mitambo, Hugh Padgham. Hakikuwa cha kurekodia. Kiliunganishwa na kifaa kinachobana sauti: kubwa isizidi, ndogo isipotee. Drams zilipopita humo zilitoka zimevimba. Padgham akaongeza kifaa cha kufunga sauti inapofifia, hivyo mwangwi unajaa, halafu unakatika kama uliopigwa panga. Gabriel, kwa upande wake, alikuwa amekataza matoazi, kwa hiyo hapakuwa na kitu cha kuuziba. Bahati, ndiyo, lakini ilikuta watu wenye masikio. Miaka ya themanini yote wanamuziki wakauiga mlio huo, wengine hadi wakatuchosha.

Zipo nyimbo zake za baadaye nisizoweza kuzitetea; zina sukari nyingi. Ila hata humo, sikiliza anavyoliachia neno: linachelewa kidogo, linatua penye pigo. Anaimba kwa mikono.

Baadaye uti wa mgongo ulimsumbua, mikono ikashindwa kushika vijiti. Katika ziara ya mwaka 2017 aliimba akiwa ameketi, na kwenye drams alikuwa Nic, mwanawe wa miaka 16. Wimbo ule ukaanza kama kawaida, taratibu, watu wakangoja. Mapigo yalipofika, baba alikuwa na kipaza sauti tu. Aliyeyapiga ni mtoto.