Jumla ya Tisa

"Weka simu mfukoni, mwanangu. Nahitaji mikono yako yote miwili."

Aliyesema hivyo ni fundi mmoja wa Unga Limited, hapa Arusha, mzee aliyezeekea chini ya Land Rover. Aliyeambiwa ni mwalimu kijana wa sekondari ambaye ndiyo kwanza amenunua gari la maisha yake: Land Rover ya miaka ya 70, injini ya petroli ya lita mbili na robo, rangi imepauka hadi huwezi kusema ni kijani au kijivu. Kifuniko cha juu ya injini kilikuwa kimeshafunguliwa, plagi zimetolewa, swichi imezimwa. Mzee akampa hendeli na kumwonyesha namna ya kuishika, dole gumba likae upande mmoja na vidole vingine. Siku hiyo injini isingeweza kurusha teke, lakini mzee hafundishi mkono kulegea hata pale pasipo na hatari. Dole linalozunguka chuma huvunjika siku injini inapoamua kurudi nyuma.

"Zungusha polepole. Vali ya nane ikizama yote, simama."

Kijana akazungusha, akasimama. Mzee akagusa vali ya kwanza. Injini ile ina vali nane, na ya nane inapokuwa imefunguka kabisa, ya kwanza imefunga na imetulia, ndiyo saa yake ya kupimwa. Ya saba ikifunguka, unapima ya pili. Ya sita, ya tatu. Ya tano, ya nne. Kisha mpangilio unajigeuza mpaka umezimaliza zote, na kila mara namba hizo mbili ukizijumlisha unapata tisa. "Tisa," mzee akasema, "usiku kwenye matope huna kitabu wala mtandao, lakini kujumlisha unajua."

Halafu akatoa fila geji, ule mkungu wa mabapa membamba ya chuma, akachagua bapa moja la unene wa kama robo ya milimita na kulipitisha kati ya ncha ya vali na mkono unaoisukuma. Hapa ndipo nilipoona ufundi wenyewe. Bapa likipita bila kugusa, nafasi imezidi, injini itagonga kama cherehani. Likikwama, nafasi imekufa, vali haitafunga sawasawa na itaungua. Linatakiwa lishike kidogo, livutike kwa shingo upande. Mzee alikaza nati kwa spana huku bisibisi katika mkono wa pili ikizuia skrubu isizunguke nayo, akavuta bapa, akatikisa kichwa, akalegeza kwa kiasi ambacho jicho langu halikukiona, akakaza tena. Kisha akamwachia kijana bapa lenyewe, alivute mwenyewe, alisikie. Alimfanya alivute mara nyingi, kwenye vali iliyokaa sawa na kwenye vali ambayo bado, mpaka kijana akaanza kusema kabla hajaulizwa: hii bado, hii imekaa.

Nimeona watu wakimsifu fundi kwa haraka yake. Mimi nilimsifu huyu kwa muda aliotumia kwenye vali ya tatu peke yake.

Kijana alikuwa amekuja na seti ya spana mpya inayong'aa, zote za milimita, na tayari alikuwa ameshaharibu nati mbili nyumbani kwake Sakina. Gari lile limefungwa kwa nati za inchi. Nusu inchi ni milimita 12.7, kwa hiyo spana namba 13 inaingia, inakaa kama imetulia, na ukiweka nguvu inateleza na kula kona. Nati ikishaliwa kona, kazi ya dakika tano inakuwa ya patasi na kuchomelea. Mzee hakumsema kwa hilo. Alivuta sanduku la mbao kutoka chini ya benchi na kumtolea spana za inchi, moja moja, vishikio vimelainika kwa miaka, nyingine zimekatwa na kupindwa kwa moto ili zifike mahali ambapo spana ya dukani haifiki. Spana za namna hiyo haziuzwi popote. Kila moja ilizaliwa siku fundi alipokutana na nati iliyojificha.

Ufundi huu mzee aliupata kwa mafundi wa Kisingasinga, ambao wazee wa wengi wao waliletwa Afrika Mashariki kujenga reli mwishoni mwa karne ya 19, reli ikaisha, wao wakabaki na nyundo zao. Kwao mwanafunzi alianza kwa kuosha vyuma kwa dizeli, miezi kwa miezi, kabla hajaruhusiwa kushika spana. Wengi walikuwa wakilalamika. Lakini anayeosha gia huwa anaishika kila jino lake, na siku atakapoambiwa gia boksi inalia, atakuwa anaujua uso wa kile kinacholia.

Gari lenyewe lilizaliwa Uingereza ya baada ya vita, likaonyeshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam mwaka 1948. Chuma kilikuwa kwa mgawo, aluminiamu ilikuwepo, ndiyo maana bodi ya Land Rover haili kutu. Lilikusudiwa mkulima, mtu wa mbali na karakana, na hilo unalisoma kila unapolifungua: bodi imefungwa kwa bolti, mlango unatoka, paa linatoka, kioo cha mbele kinalala juu ya boneti. Waliolichora walijua kwamba mwenye gari ndiye atakayelitengeneza. Nchi yetu ililipokea hivyo hivyo. Bwana shamba, daktari wa mifugo, askari wa wanyamapori, mkuu wa wilaya mwenye namba za ST, wote walipita nalo. Waliokuja Arusha na Momella kupiga picha za filamu ya Hatari!, ile ya John Wayne iliyotoka mwaka 1962, nao walitumia magari ya porini.

Lakini Land Rover ninayoikumbuka mimi haikuwa ya sinema. Ilikuwa pikapu yenye inchi 109 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, iliyokuwa ikishusha nyanya na watu kutoka Ngare Nanyuki siku za soko, kreti chini, abiria juu ya kreti, mbuzi wawili watatu miguuni. Masika udongo wa Meru ni mweusi na unateleza kama umepakwa mafuta. Siku moja, mlimani, tulisikia mlio mmoja mkavu upande wa nyuma, gari likabaki linaunguruma bila kusogea. Shafti ya nyuma imekatika. Watu wakaanza kushuka wakijua watalala njiani.

Dereva hakupiga hata jeki. Alichuchumaa kwenye gurudumu la nyuma, akafungua bolti sita za kile kisahani cha katikati, akavuta, na shafti ikatoka mkononi mwake, nusu yake, gurudumu likiwa bado limesimama ardhini na kubeba mzigo wake wote. Aliitazama pale ilipokatikia, akatuonyesha sisi watoto: sehemu moja ya jeraha nyeusi, ya zamani, sehemu nyingine inang'aa. Ilikuwa imeanza kufa siku nyingi. Akakitupa kipande nyuma ya kiti, akarudisha kisahani, akasukumia chini kile kirungu cha manjano cha kuunganisha magurudumu ya mbele, na magurudumu ya mbele yakatuvuta mpaka Arusha. Nyanya zilifika. Tangu siku ile sijawahi kuona gari lingine likivunjika hivyo na bado likamaliza safari, na kila nikisikia mtu akiiita Land Rover mbovu kwa sababu inavunjika, namkumbuka dereva yule amechuchumaa kwenye tope.

Kwa hiyo sishangai vijana wanaporudi kuyatafuta magari haya. Nashangaa wanavyoyanunua. Wanatazama rangi, taa za juu, matairi mapana, kisha wanalipa. Mwalimu wetu alinunua vizuri kwa sababu alimchukua mzee kabla hajatoa senti. Nilifuatana nao. Muuzaji alikuwa Njiro, na gari lilikuwa tayari linaunguruma tulipofika. Mzee aliamkia na kuamkiwa, akauliza habari za nyumbani, akaweka kiganja juu ya boneti, akakiacha pale kidogo, kisha akasema, "Tutarudi kesho asubuhi, likiwa limelala." Injini ya zamani iliyopashwa moto mapema inaficha magonjwa yake. Kesho yake ilikuwa baridi ile ya Juni inayoshuka kutoka Meru na kukaa mabondeni, na hapo ndipo aliposikiliza inavyoamka, akatazama rangi ya moshi, akafungua kifuniko cha oili na kutazama ndani yake kama kuna ule ute wa rangi ya maziwa unaosema maji na oili vimekutana, na gasketi ya hedi imekwisha.

Kisha akalala chini na nyundo ndogo. Bodi ni aluminiamu, lakini chesesi ni chuma, na chesesi inaoza kutokea ndani. Aligonga kutoka mbele kwenda nyuma, akisikiliza. Chuma kizima kinajibu kwa sauti kavu. Penye kutu sauti inakuwa nzito na fupi. Penye rangi mpya nyeusi aligonga zaidi. Akauliza gari limeishi wapi. Kwake hilo ni swali la kwanza kuliko la bei: gari lililokaa Tanga au Dar es Salaam limekula chumvi ya bahari, chesesi yake uitazame kwa mashaka. Lililokaa Monduli na Longido litakuwa na chesesi nzima, lakini vumbi litakuwa limekula bushi, beringi na sili zote. Vya pili vinabadilishwa kwa pesa ndogo ndogo, mwezi baada ya mwezi, na anayejifunza atajifunzia humo. Mwisho akaomba kadi, akazifuta vumbi namba ya chesesi na namba ya injini, akazisoma kwa sauti huku mwalimu akifuatisha kwa kidole. Magari mengi ya umri huo yana injini ambayo kadi haiijui.

Na hapo ndipo ninapoumia. Injini ya zamani ikianza kuvuta oili, siku hizi shauri linalotolewa ni moja: ng'oa, weka ya Toyota. Sina ugomvi na Toyota. Injini yake ya dizeli ya 1HZ, ile ya silinda sita iliyoanza mwaka 1990, imebeba utalii wa Kaskazini mgongoni, na fundi wa Arusha anaikata Land Cruiser, anairefusha na kuifungulia paa kwa ustadi ambao wageni wanakuja kuutazama. Ugomvi wangu ni na uvivu wa kutotaka kujua kilichougua. Ringi za pistoni zinabadilishwa. Silinda inachongwa. Vali inasagwa kwa mkono, kwa kijiti na unga wa kusagia, mpaka ikae kwenye kiti chake na kuzuia petroli isipite. Mtu anayeng'oa injini nzima kwa sababu ya vali moja ameacha kutengeneza, amekuwa mbebaji wa vyuma.

Oktoba 2024 Land Rover zilikusanyika Arusha kutoka pande zote za nchi, mistari na mistari ya magari, mji ukajaa honi na bendera. Nilisimama barabarani na kufurahi kwa dhati. Yalipita yaliyotoka Mererani na vumbi la machimbo, yalipita ya mapadri, yalipita yaliyopakwa rangi jana yake. Nilikuwa nikitazama madereva. Wengi walikuwa wazee, na vijana waliokaa pembeni yao walikuwa wakirekodi.

Mji huu ulikuwa ukijua kutengeneza. Tulikuwa na kiwanda cha matairi cha General Tyre, tairi lililobeba Land Rover lilizaliwa hapa hapa, na kiwanda kikafungwa. Chuo cha Ufundi Arusha kipo tangu mwaka 1978 na kinatoa mafundi wazuri wa mitambo ya leo, lakini nina shaka kama vali ya skrubu na nati bado inaulizwa kwenye mitihani, na siwezi kuwalaumu wanafunzi kwa kutosoma wasichoulizwa. Wa kulaumiwa ni sisi wenye magari, tunaobishana na fundi juu ya elfu tano ya ujira na kesho yake tunalipa laki kwa stika za mlangoni. Masanduku ya mbao ya mafundi wawili waliokuwa jirani na mzee wetu, walipofariki, watoto wao waliyauza kwa kilo kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Spana zile zilizopindwa kwa moto zilipimwa pamoja na nondo.

Mzee amekuwa na wanafunzi wengi. Mmoja yuko kwenye karakana ya kampuni ya watalii, anabadilisha vifaa vinavyokuja kwenye boksi, analipwa vizuri. Wengine wameingia bodaboda, kwa sababu bodaboda inaleta hela leo na ufundi unaileta baada ya miaka. Aliyebaki ni mwalimu, anayekuja Jumamosi akitoka kusahihisha madaftari. Ameshajua tisa, ameshaanza kukata gasketi mwenyewe, karatasi juu ya chuma, akigonga ukingo kwa nyundo ndogo mpaka tundu litoke safi. Lakini mwalimu ana kazi yake, na anajifunza gari moja, la kwake. Pikapu za Ngare Nanyuki bado zinashusha nyanya kila siku ya soko, na shafti zake bado zinakatika, na mzee amekwishasema hadharani kwamba mwaka huu macho yake hayaisomi tena fila.