Sinema ya Vincent, Mhubiri Aliyegeuka Mchoraji

Sinema tunayotaka kuinena leo si mpya. Ilitengenezwa na Wamarekani katika mwaka 1956, na jina lake ni Lust for Life. Sisi tungeliita Uchu wa Maisha. Habari yake ni ya Vincent van Gogh, Mholanzi, aliyezaliwa mwaka 1853 katika kijiji cha Zundert, akafa huko Ufaransa mwaka 1890, umri wake miaka 37. Tumeitazama mara mbili katika chumba cha shule: mara ya kwanza tulikuwa walimu peke yetu, na mara ya pili tulikuwa pamoja na wazee wa kanisa, waliotaka kujua kama yafaa vijana wao waione. Wazee walitoka wamegawanyika, na sisi walimu pia hatukuwa na neno moja. Ndiyo sababu twaandika.

Kwanza na tuseme wazi mambo yaliyowatia wazee mashaka. Katika sinema hii yumo mwanamke aliyekuwa akiuza mwili wake, na Vincent akakaa naye nyumba moja pasipo ndoa. Umo ulevi. Yumo mtu ajikataye sikio lake mwenyewe, na mwisho mtu huyo huyo ajipiga bastola. Aambiwaye hayo tu, bila kuitazama, atasema kwamba haifai, wala hatuwezi kumlaumu. Lakini mambo hayo hayakutiwa humo ili kuwachekesha watu kwa uovu. Kile kisa cha sikio, ambacho mtengenezaji mwingine angalikionyesha pamoja na damu yake yote, hapa kimefichwa: twaona uso wa mtu na mashaka yake, lakini wembe hatuuoni ukifanya kazi. Aliyeiongoza sinema hii, Vincente Minnelli, alikuwa na adabu katika neno hili, na adabu hiyo yapaswa kuhesabiwa.

Sehemu iliyo bora kupita zote ni ya mwanzo, nayo yatuhusu sisi kuliko watu wa miji mikubwa. Wengi wamjua Vincent wa maua ya alizeti na Vincent wa sikio. Wachache wajua ya kuwa alikuwa mwana wa mchungaji. Ya kuwa alifundisha shule muda kidogo huko Uingereza. Ya kuwa alianza kusoma ili aingie chuo cha elimu ya dini Amsterdam, akashindwa. Na ya kuwa mwisho wa mwaka 1878 alikwenda Borinage, nchi ya machimbo ya makaa ya mawe katika Ubelgiji, awe mhubiri wa wachimbaji. Sinema yaanzia hapo. Twamwona amesimama mbele ya halmashauri, akisihi apewe kazi yo yote, mahali po pote, hata pale ambapo hapana mtu atakaye kwenda. Kisha twamwona ameshika karatasi, akiwasomea wachimbaji hotuba iliyoandikwa vizuri, nao wakimtazama kama watu wanaosubiri mvua ipite. Maneno yake ni sahihi yote, na hakuna hata moja linalofika. Mwalimu aliyepata kusimama mbele ya darasa lililochoka ataijua saa ile.

Baadaye ashuka machimboni. Jambo hili ni la kweli: katika mwaka 1879 Vincent alishuka katika chimbo liitwalo Marcasse, mita 700 chini ya ardhi, akamwandikia ndugu yake habari zake. Tangu hapo, katika sinema, hotuba zapungua. Atoa nguo zake, atoa kitanda chake, alala juu ya majani makavu, auguza wagonjwa. Ndipo wakuu wa halmashauri wanapofika, wakaona mhubiri wao yu mchafu kama wachimbaji wenyewe, wakachukizwa, wakamwondoa kazini kwa kuiaibisha heshima ya kanisa.

Hapa twataka kusimama kidogo, kwa maana sinema haikusema yote. Taarifa ya halmashauri ile ilimsifu Vincent kwa jinsi alivyowauguza wagonjwa na majeruhi. Ikasema tu kwamba hakujaliwa kipawa cha kunena, na pasipo kipawa hicho hawakuweza kumwongezea muda. Basi, watengenezaji wa sinema wametupa wakuu wabaya, watu wa kola nyeupe na pua zilizokunjwa, ili iwe rahisi kwetu kuwachukia. Sisi twaona ya kuwa ile habari ya kweli yauma zaidi. Watu wale waliona upendo wake, wakauandika kwa wino, kisha wakamwondoa. Na tusijifanye ya kuwa sisi ni watu wa namna nyingine. Mwaka mmoja mwandishi wa maneno haya alikaa mezani pamoja na wengine kuwapima waliotaka kuwa walimu, akatia sahihi yake chini ya barua iliyomwambia kijana mmoja kwamba kigugumizi chake hakifai darasani. Kijana yule leo awafundisha watu wazima kusoma, jioni, nyumbani kwao, bila mshahara. Na wanafunzi wake wasoma. Tulipowaona wale wakuu wakishuka garini katika sinema, hatukuweza kucheka pamoja na wenzetu.

Ama mwigizaji aliyekuwa Vincent jina lake ni Kirk Douglas. Amefanana naye kwa ndevu na kwa mifupa ya uso hata mtu ashangae akiziona picha ambazo Vincent alijichora mwenyewe. Ameigiza kwa nguvu nyingi. Wako waliosema ya kuwa nguvu zimezidi, na katika sehemu ya kati twakubaliana nao: mtu huyu hawezi kuingia chumbani bila mlango kutetemeka. Lakini mtazameni anapomtaka binamu yake mjane, akakataliwa, akaweka mkono wake katika moto wa taa ili aruhusiwe kumwona kwa muda ule tu awezao kustahimili. Hapo nguvu zake zina mahali pake. Aliyekuwa Gauguin, mchoraji mwenziwe, ni Anthony Quinn. Yeye haonekani kwa muda mrefu, lakini alipewa tuzo ya Oskari kwa kazi hii, nasi hatuoni kosa. Gauguin wake ni mtu mzima, mwenye kiburi, ajuaye kupika na kupanga vyombo, na asiyeweza kuvumilia rangi zilizoachwa bila vifuniko.

Mambo ya wawili hawa katika mji wa Arles ndiyo watu wengi wayapendayo. Gauguin alifika mwezi wa Oktoba 1888, wakakaa pamoja majuma tisa tu, mpaka ule usiku wa tarehe 23 Desemba wa habari ya sikio. Ubishi wao katika sinema umeandikwa vyema. Mmoja amwambia mwenziwe kwamba achora upesi mno, na Vincent amjibu kwamba yeye ndiye atazamaye upesi mno. Katika jibu lile mna elimu nzima ya kutazama picha. Lakini baada ya hapo twaanza kuona upungufu wa sinema hii, nao ni upungufu mkubwa.

Yaipenda tufani mno. Tangu Arles mambo yote ni upepo, vilio, milango na viti vinavyoanguka, hata mtazamaji adhani ya kuwa picha zile zilitoka katika wazimu kama jasho litokavyo katika homa. Mmoja wa vijana wetu alituuliza baada ya kuitazama, "Mwalimu, je, mtu mwenye akili timamu hawezi kuwa mchoraji mkubwa?" Swali lile lilitusumbua, kwani sinema yenyewe ndiyo iliyomfundisha kuuliza hivyo. Habari zenyewe zasema vingine. Vincent alipoamua kuwa mchoraji, katika mwaka 1880, alikuwa na miaka 27, mkono wake ukiwa mzito. Akakaa miaka akijifunza kama mtoto wa darasa la kwanza: akinakili vitabu vya mafunzo, akichora mikono, migongo, viatu. Kabla ya kuimaliza ile picha yake ya wakulima wanaokula viazi, ya mwaka 1885, alichora vichwa vya wakulima kama 40 katika majira ya baridi ya Nuenen. Alipougua hata akapoteza fahamu, hakuweza kuchora. Alichora alipopata nafuu. Kule Saint-Rémy, katika nyumba ya wagonjwa wa akili, alikoingia kwa hiari yake mwezi wa Mei 1889, alifanya picha kama 150 katika mwaka mmoja, na wengi wamedhani kwamba wazimu ndio uliomsukuma. Barua zake za siku zile zaonyesha mtu apangaye siku yake, aulizaye bei ya rangi, apimaye njano kwa buluu kama fundi apimavyo mbao. Kazi ndiyo iliyokuwa ikimshikilia asianguke. Sinema iliyomshusha machimboni kwa uaminifu mkubwa hivi ingeweza kutupa dakika kumi zaidi za mtu aketiye kimya akichora kiatu.

Sehemu ya mwisho pia yataka kusahihishwa. Twaonyeshwa Vincent katika shamba la ngano la Auvers, kunguru wamrukia, naye awatia weusi katika picha, kisha papo hapo ajipiga risasi. Hivi kwamba wengi waliokuja baadaye waamini kuwa picha ya kunguru ndiyo ya mwisho. Siyo. Picha ile aliifanya mapema katika mwezi wa Julai 1890, naye alijipiga tarehe 27, akafa tarehe 29. Picha ambayo wachunguzi wa leo waiona kuwa ya mwisho ni ya mizizi ya miti kando ya njia, haikumalizika, na mahali pale penyewe palitambuliwa mwaka 2020. Mizizi haina mabawa, haitishi mtu katika sinema. Hata hivyo sisi tungalipenda kumwona akiichora asubuhi ile, asiseme neno.

Tusiache kusifu yaliyo mema. Watengenezaji walikwenda Ubelgiji, Uholanzi na Ufaransa kupiga picha mahali pale pale, wakazipiga na picha za Vincent zenyewe kutoka kwa wenyewe walikozihifadhi, hata rangi zajaa ukuta mzima. Tena, barua za Vincent zasomwa kwa sauti ya Theo, mdogo wake, aliyeigizwa na James Donald. Theo ndiye aliyempelekea fedha mwezi hata mwezi kwa miaka kumi. Sauti yake ni ya upole, haina haraka, na kila isikikapo sinema yapata pumzi.

Lakini sinema yakoma kitandani pa mauti, kisha yatuonyesha ukuta wa picha nyingi, kana kwamba ziliruka zenyewe kutoka Auvers zikajipanga. Mzee mmoja, mwinjilisti wa zamani, alingoja mpaka taa ziwashwe, akauliza: "Zile picha nani alizitunza?" Hilo ndilo swali bora tulilosikia usiku ule, na sinema haina jibu lake. Tulimjibu kama tulivyojua. Padre wa Auvers hakukubali gari la parokia lichukue maiti ya mtu aliyejiua, likaazimwa jingine katika kijiji cha jirani. Theo naye aliugua, akafa mwezi wa Januari 1891, hata miezi sita kamili haijapita baada ya kaka yake. Akabaki mkewe, Johanna, mwanamke wa miaka 28, na mtoto wa kiume ambaye hajatimiza mwaka, na nyumba iliyojaa picha ambazo karibu hakuna aliyetaka kuzinunua. Katika sinema Johanna aonekana kidogo tu, mke mwema ashikaye mtoto. Alikuwa mwalimu kabla ya kuolewa, akifundisha Kiingereza. Alirudi Uholanzi, akafungua nyumba ya wageni apate riziki, akazitundika zile picha kutani, akaanza kuzisoma zile barua usiku mmoja mmoja, mamia ya barua, na nyingi hazina tarehe. Alizipanga kwa miaka mingi, akaziuza picha chache chache kwa akili, nyingine akakataa kuziuza, akazipeleka kwenye maonyesho mji kwa mji. Barua alizipiga chapa mwaka 1914, kisha akaanza kuzifasiri kwa Kiingereza mwenyewe, akaifanya kazi hiyo mpaka alipokufa mwaka 1925.

Yule mzee alinyamaza, kisha akasema kwamba ingalifaa waigize habari ya mwanamke huyo. Kuhusu vijana, wazee walipatana waionyeshwe walio katika darasa la juu, mwalimu akiwapo, na maneno yasemwe kabla na baada. Nasi tumekwisha kuandika daftarini maneno tutakayosema baada. La mwisho katika hayo ni hili, ya kwamba katika mwaka ule ule wa 1914 Johanna aliagiza mifupa ya Theo ichukuliwe kutoka Uholanzi, ikazikwa Auvers, karibu na ukuta wa makaburi, ubavuni pa Vincent.