Mwaka gani ulipie bwawa? Uchakavu kutoka boti za Kibiti hadi mitambo ya Rufiji

Boti ya uvuvi ikishauza samaki au kamba wake, pesa haigawanywi hovyo. Katika delta ya Rufiji, kama ilivyo sehemu kubwa ya pwani yetu, hutolewa kwanza mafuta, barafu na chakula cha safari, kisha kinachobaki hukatwa mafungu: la chombo, la mashine, la nyavu na la wavuvi wenyewe. Mwenye chombo hulichukua fungu lake akaliita faida. Sehemu yake ni faida kweli. Sehemu nyingine ni boti yenyewe, inayoliwa taratibu na maji ya chumvi na kumrudia mwenyewe kwa sura ya noti. Akiitumia yote kwa karo na harusi, siku mbao zitakapooza atagundua kwamba alikula mtaji akidhani anakula pato. Wahasibu huita sehemu hiyo uchakavu: gharama ya kununulia mali ya kudumu, ukitoa thamani itakayobaki mwishoni, ikagawiwa miaka yote ambayo mali hiyo inaleta manufaa. Nadai kwamba mgao huo ni uamuzi kuhusu haki kati ya mwaka na mwaka kabla haujawa kipimo cha kutu, na kwamba asiyelijua hilo hawezi kuisoma hesabu ya mali kubwa kuliko zote katika bonde hili, Bwawa la Julius Nyerere.

Ushahidi wa kwanza umo katika Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004, Jedwali la Tatu, linalopanga mali za biashara kwa madaraja. Vyombo vya majini vimewekwa daraja la pili pamoja na mabasi makubwa, malori mazito na ndege, na hukatwa asilimia 25 ya salio kila mwaka. Boti ya shilingi milioni 20 hukatwa milioni 5 mwaka wa kwanza, milioni 3.75 wa pili, na takriban milioni 2.8 wa tatu. Inabaki na milioni 8.4 vitabuni, iwe ilikesha majini kila usiku au ililala juu ya mchanga. Gari dogo na kompyuta hukatwa asilimia 37.5, samani za ofisi 12.5. Majengo yana utaratibu mwingine: asilimia 5 ya gharama ile ile ya mwanzo kila mwaka, yaani miaka 20. Lakini jengo au bwawa linalotumika kwa kilimo, mifugo au ufugaji wa samaki hukatwa asilimia 20, likamalizika kwa miaka mitano. Zege ni lile lile na jua ni lile lile. Mtunga sheria hakupima zege hapo. Alitaka mwekezaji wa kilimo apate nafuu mapema. Na mvuvi mdogo anayetozwa kodi kwa makadirio ya mauzo hapati makato haya kabisa. Kodi yake inahesabiwa juu ya alichouza, kwa hiyo mbele ya sheria boti yake ni kama haichakai.

Sasa tupande mto. Desemba 2018 serikali ilisaini mkataba wa kulijenga Bwawa la Julius Nyerere na kampuni mbili za Misri, Arab Contractors na Elsewedy Electric, kwa takriban shilingi trilioni 6.5. Maji yalianza kujazwa Desemba 2022, na mtambo wa kwanza kati ya tisa, kila mmoja megawati 235, ukaingia kwenye gridi Februari 2024. Mradi ulikadiriwa kuzalisha takriban yuniti bilioni 5.9 za umeme kwa mwaka. Tuchukulie kwa mfano tu kwamba gharama yote ni kitu kimoja kisicho na thamani ya mabaki. Ukiipa miaka 50, kila mwaka unabeba bilioni 130, na kila yuniti inabeba shilingi 22. Ukiipa miaka 100, yuniti inabeba shilingi 11. Ukiipa 25, inabeba 44. Hakuna tofali lililobadilika kati ya hesabu hizi tatu, na hakuna tone la maji lililoongezeka. Kilichobadilika ni nani analipa. Kwa miaka 25, mteja wa leo wa Ikwiriri anawalipia wajukuu zake. Kwa miaka 100, huenda wajukuu wakalipia ziwa ambalo halitawafaa tena kama lilivyomfaa yeye.

Kanuni za uhasibu haziuachi uamuzi huu uelee tu. Kiwango cha Kimataifa cha Uhasibu namba 16 kinadai mambo manne yanayogusa bwawa moja kwa moja. Ardhi haichakazwi. Kila sehemu kubwa yenye umri wake ihesabiwe peke yake. Saa ya uchakavu ianze pale mali inapokuwa tayari kwa kazi. Na makadirio ya umri yapitiwe angalau kila mwisho wa mwaka. La pili ndilo lenye uzito kuliko yote. Ukuta wa zege, mitambo, milango ya maji na transfoma havizeeki pamoja. Tukikisia, kwa mfano, kwamba mitambo ni trilioni moja yenye miaka 30 na vingine vyote ni trilioni 5.5 vyenye miaka 80, jumla inakuwa kama bilioni 102 kwa mwaka, na kila yuniti inabeba shilingi 17. La muhimu zaidi, mwaka wa 30 hautamshtua mtu kwa mitambo iliyozeeka ambayo vitabuni bado inasomeka kama mali nzima. La tatu nalo lina uzito wake: mtambo ulioingia gridi Februari 2024 una saa yake, na uliomalizika mwaka uliofuata una ya kwake.

Hapo linaingia swali la mtambo usiofanya kazi. Machi 2024 serikali ilitangaza kuzimwa kwa vituo vitano vya umeme wa maji kwa kuwa umeme ulizidi mahitaji. Kwa njia ya kiwango sawa, inayogawa gharama sawasawa kwa kila mwaka, mtambo uliozimwa unaendelea kuchakaa vitabuni kana kwamba unazunguka. Kwa njia ya uzalishaji, yuniti isiyozalishwa haibebi gharama. Njia ya pili inavutia kwa mto wenye masika na kiangazi, lakini mimi naona ni ya hatari kwa shirika la umma, kwa sababu inawaruhusu wakubwa kuficha uzembe: ukizalisha kidogo, gharama nayo inapungua, na mali iliyokaa bure haionekani kuwa mzigo. Kiwango sawa kinauma, na kinauma mahali panapostahili.

Wako watakaosema kwamba mjadala huu ni wa makaratasi, kwa kuwa bwawa lililipwa na serikali kwa fedha za ndani na uchakavu hautoi shilingi mfukoni mwa mtu. Ni kweli kwamba uchakavu si malipo ya fedha. Lakini fedha ilishatoka, kwa mkupuo, mikononi mwa walipakodi. Uchakavu ndio njia pekee ya kitabu kukiri kwamba ilitoka. Ukiuacha, shirika litaonyesha faida nono, kutakuwa na shinikizo la kutoa gawio, na siku ya kubadilisha mitambo mkono utanyooshwa tena Hazina. Wengine watasema Kidatu imekuwa ikizalisha umeme tangu miaka ya 1970 na bado ipo, kwa hiyo matengenezo yanatosha. Matengenezo huifanya mali ifikie umri wake, hayaufuti. Tena kwa mali inayonunuliwa kwa fedha za kigeni, uchakavu wa bei ya zamani huwa mdogo kuliko gharama ya kununua mpya, kwa hiyo kosa lililo jirani zaidi ni kuhesabu kidogo mno. Na tusichanganye uchakavu na msiba. Barabara ya kusini ilipokatika Somanga wakati wa kimbunga Hidaya, Mei 2024, hapakuwa na suala la kugawa gharama kwa miaka. Hiyo ni hasara ya ghafla, inayopaswa kuandikwa yote katika mwaka ule ule.

Ugumu mkubwa uko kwenye udongo. Umri wa ukuta hauna maana ukizidi umri wa ziwa, na umri wa ziwa unategemea tope linaloletwa na mito ya Kilombero, Luwegu na Ruaha Mkuu. Ziwa hili linaweza kubeba zaidi ya mita za ujazo bilioni 30, kwa hiyo halitajaa kesho. Hata hivyo kasi ya kujaa ndiyo inayopaswa kuamua miaka inayoandikwa vitabuni, na kasi hiyo hujulikana kwa kupima kina, si kwa kunakili umri wa kawaida wa zege. Tope hilo hilo ndilo lililoijenga delta: mashamba ya mpunga ya Kibiti, na hekta takriban 53,000 za mikoko, msitu mkubwa kuliko yote ya aina yake Afrika Mashariki. Kila tani inayofupisha uhai wa ziwa ni tani isiyofika deltani. Vitabu vitaandika upande mmoja tu, kwa kuwa uhasibu huanzia kwenye risiti na delta haikununuliwa na mtu. Mhasibu atajitetea kwamba mikoko haina bei ya soko, na hapo simbishii. Sidai bei. Tani zinahesabika, kina kinapimika, mwambao unaoliwa na bahari unapimika, na maelezo ya hesabu hayakatazi kuandika vipimo hivyo kando ya shilingi.

Kwa hiyo hesabu za bwawa zikitolewa, msomaji wa Kibiti asiishie kwenye mstari wa faida. Afungue maelezo ya mali za kudumu, atafute ziwa na ukuta wake vimepewa miaka mingapi, mitambo imepewa mingapi, na kina kilipimwa lini mara ya mwisho. Kama tarehe ya kupima haipo, amuulize mbunge wake.