Safu ya Mwaka Jana

Jirani yangu hapa Mishomoroni hana hata hisa moja ya Hasbro. Mchana huandika hesabu za duka la hadiwea; Jumamosi usiku hucheza Dungeons & Dragons na wenzake wanne, dadu ya pande 20 ikirushwa juu ya taulo ili watoto wasiamke. Ila mara nne kwa mwaka, kampuni hiyo ya Marekani ikitoa hesabu zake za robo, yeye hununua kahawa tungu, hufungua daftari la mistari, na kuanza kusoma. Nimekaa naye mara kadhaa, na napenda kumtazama kama ninavyopenda kumtazama seremala akipiga randa.

Haanzii mwanzo. Kurasa za mbele, husema, ni za bibi harusi, zimepambwa. Hushuka hadi kwenye jedwali la vitengo, maana mchezo wake umejificha humo. Wizards of the Coast, iliyoinunua kampuni ya D&D mwaka 1997 kisha yenyewe ikanunuliwa na Hasbro mwaka 1999, imepewa kitengo. Lakini ndani yake karata za Magic ndizo zinazotajwa kwa tarakimu; D&D haina mstari wake. Ni mtoto anayelelewa nyumba ya watu: hujui amekula kiasi gani mpaka uhesabu sahani za wengine.

Basi huhesabu sahani. Mwaka 2023 Hasbro nzima iliingiza dola bilioni 5 na bado ikapata hasara ya karibu bilioni 1.5, hasa kwa sababu thamani ya biashara yake ya filamu na televisheni ilishushwa vitabuni. Aliyesoma jumla pekee alidhani duka limeungua. Kumbe kitengo cha Wizards kiliingiza takriban bilioni 1.46, na katika kila dola 100, 36 zikabaki faida ya uendeshaji. Wanaosoma hesabu za Safaricom wanaijua njia hii; hawaridhiki na jumla mpaka waone M-PESA imeleta ngapi.

Ustadi wenyewe niliuona Oktoba 2024. Mapato ya kitengo kwa robo ya tatu yalikuwa yameshuka asilimia 5. Mimi nikaanza kuombolezea mchezo wake.

"Shekhe, tazama mwaka jana kwanza," akasema, akaweka kidole kwenye safu ya pembeni na kukiacha pale.

Agosti 2023 studio ya Larian ya Ubelgiji ilitoa Baldur's Gate 3, mchezo wa kompyuta uliojengwa juu ya kanuni za D&D, na mwaka huo Hasbro ikavuna takriban dola milioni 90 kwa leseni hiyo. Uliovimba ulikuwa mwaka jana. Huu wa sasa haukukonda. Tena fedha zile hazikutokana na vitabu wala dadu, kwa hivyo kupungua kwake hakusemi lolote juu ya watu wanaokaa mezani kucheza.

Halafu akageukia maneno: bidhaa ipi imesifiwa, ipi imetajwa robo iliyopita na sasa imenyamaziwa. Hapo husoma polepole mno, nusu saa kwa ukurasa, na nakiri niliwahi kusinzia.

Kinachonivutia zaidi ni kalamu zake. Tarakimu iliyosemwa na kampuni huiandika kwa wino. Aliyoipata kwa kutoa na kukisia huiandika kwa penseli, hata kama ana uhakika nayo. Kitabu kipya cha wachezaji wa D&D kilikuwa kimeingia madukani Septemba ile, siku chache kabla ya robo kufungwa. Nilimhimiza abuni walau tarakimu moja ya mauzo yake. Akachonga penseli, akaiinua, akaitua tena. Kisanduku akakiacha kitupu, juu yake akaandika "Februari", kisha akaomba kahawa nyingine.